Mia Moja na Ishirini Kati ya Wangapi? Kupima Ubora wa Huduma za Afya ya Jamii



Tumeombwa tuandike juu ya tathmini ya miradi ya afya ya jamii. Tunajua kwamba neno hili halina marafiki wengi. Kwa wahudumu wengi wa kujitolea, tathmini maana yake ni gari kusimama mbele ya ofisi ya usharika, wageni wawili watatu wenye madodoso, maswali ya nusu siku, picha ya pamoja, kisha kimya. Ripoti huandikwa kwa lugha ambayo kijiji hakiisomi, hupelekwa kwa mfadhili, na nakala moja hubaki kabatini. Yule anayebeba mizani mgongoni kila mwezi hajui hadi leo kama kazi yake ilionekana njema au la.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya huyo anayebeba mizani, pamoja na kamati za afya za vijiji na sharika, na waratibu wenzetu. Mifano mingi ni ya hapa kwetu, yaani milima ya Mbinga na vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi hadi Liuli, Mbamba Bay na Chiwindi. Swali letu ni moja: tutajuaje kwamba huduma yetu ni nzuri, si kwamba ni nyingi tu?

Hesabu isiyo na "kati ya"

"Akina mama 120 walipata elimu ya lishe katika robo hii ya mwaka." Sentensi ya namna hii imo karibu katika kila ripoti ya mradi. Si uongo. Lakini tuichunguze.

Tuseme kijiji kina watoto 80 walio chini ya miaka miwili, katika vitongoji vinne. Mafunzo yamefanyika mara tatu, na kila mara wamefika akina mama 40. Arobaini mara tatu ni 120, na ripoti imenenepa. Ukifungua daftari la mahudhurio unakuta majina ni yale yale 40, tena wote ni wa vitongoji viwili vilivyo jirani na zahanati. Kitongoji cha ng'ambo ya mto na kile cha kambi ya wavuvi havimo kabisa. Basi huduma imefikia nusu ya watoto, na nusu iliyoachwa ni ile iliyo mbali na dawa, mbali na mkunga na mbali na barabara. Hiyo 120 imeficha jambo ambalo tathmini ilipaswa kulifichua.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji mtaalamu kutoka mjini. Andika watoto wote au wajawazito wote wa eneo lako, kisha tazama nani hayumo katika daftari la huduma. Mabalozi na wenyeviti wa vitongoji wanawajua. Wakunga wa jadi wanawajua zaidi.

Kuwahesabu wote ni kazi kubwa kuliko inavyosikika. Zahanati nyingi hupima kazi yao kwa makadirio yanayotokana na sensa. Kwa sensa ya 2012 mkoa wa Ruvuma ulikuwa na watu 1,376,891. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,848,794. Katika miaka ya katikati makadirio hufanywa kwa kuongeza kiasi fulani kila mwaka, kana kwamba watu wanaongezeka sawasawa kila mahali. Lakini watu huhama. Wavuvi hufuata samaki, na vijana wamefuata makaa ya mawe kule Ngaka. Katika vijiji vya mpakani kama Chiwindi, mtoto anayeletwa kuchanjwa anaweza kuwa ametoka upande wa Msumbiji, naye hayumo katika makadirio ya mtu yeyote. Ndipo unapoona taarifa inayosema chanjo imefikia asilimia 108 ya watoto. Hakuna kijiji chenye watoto zaidi ya wote walionao. Ukiona hivyo usishangilie. Namba ya chini ya hesabu hiyo, yaani ile "kati ya", haikuwa sahihi.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine ambao wageni hawauoni. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Takwimu za "Mbinga" za kabla ya hapo zina mwambao wote ndani yake. Za baadaye hazina. Mtu akichukua taarifa ya Mbinga ya 2010 akailinganisha na ya 2016, akaona malaria imeshuka, anaweza kuusifu mradi kwa kazi iliyofanywa na mpaka mpya. Kijiji cha ufukweni na kijiji cha mlimani havina mbu sawa.

Wastani nao una hila yake. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, watoto wapatao 44 katika kila 100 wa Ruvuma wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika ule wa 2022 walikuwa kama 36. Kwa nchi nzima ilikuwa 34, ikashuka hadi 30. Ni hatua ya kumshukuru Mungu, ingawa bado inatia aibu kwa mkoa unaolisha mahindi mikoa mingine. Lakini wastani wa mkoa haujui tofauti ya Liuli na Litembo. Juu kule wanakula ugali wa mahindi na maharage, na fedha ya kahawa huingia mara moja kwa mwaka. Huku chini ni mihogo na samaki, na fedha huingia usiku mmoja na kutoka kesho yake. Mradi wa lishe unaofanya kazi pande zote mbili na kutoa namba moja hautamsaidia mama wa upande wowote.

Vilivyopo, vinavyofanyika, vinavyobadilika

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, aliandika makala ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kupima ubora wa huduma za afya. Alisema tutazame mambo matatu: vilivyopo, vinavyofanyika, na vinavyobadilika. Tuyaeleze kwa mfano wa mtoto anayeharisha.

Vilivyopo: je, mhudumu wa afya wa kitongoji ana pakiti za ORS na vidonge vya zinki leo hii, au vimekwisha tangu mwezi uliopita? Vinavyofanyika: je, anamweleza mama kwamba zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma siku ya tatu? Je, anamwacha mama achanganye ORS mwenyewe mbele yake, au anasema tu "changanya kwenye maji" na kuondoka? Vinavyobadilika: je, watoto wanaoharisha wanapona nyumbani, na wale wenye dalili za hatari wanafika zahanati mapema?

Miradi yetu ya kanisa ina nguvu sana katika jambo la kwanza. Tunapenda kukabidhi. Baiskeli, mizani na fulana hukabidhiwa kwa sala na picha, nayo ni haki, kwa sababu bila vitu huduma haiendi. Lakini chumba kilichojaa vitu bado hakijamponya mtu.

Serikali ilipoanza kuvipa vituo vya huduma nyota mwaka 2015/16, matokeo yalikuwa ya kuamsha usingizi: karibu theluthi moja ya vituo vilivyokaguliwa nchini havikupata hata nyota moja, na ni asilimia 2 tu vilivyofikia nyota tatu. Katika ukaguzi wa 2017/18 vile visivyo na nyota vilishuka hadi kama asilimia 4, na vya nyota tatu na zaidi vikafika karibu asilimia 20. Mafanikio hayo ni ya kweli. Hata hivyo nyota hutolewa kwa kutazama zaidi vilivyopo na vinavyofanyika. Mwanamke aliyeshindwa kufika kwa sababu ziwa lilichafuka usiku ule hana sehemu katika karatasi ya ukaguzi. Huyo anatuhusu sisi wa huduma za jamii, maana kazi yetu iko nje ya ukuta wa zahanati.

Mwezi unapokuwa mkubwa

Ruvuma ni mmoja wa mikoa mitatu, pamoja na Lindi na Mtwara, ambako ugawaji wa vyandarua kupitia shule ulianzia mwaka 2013. Vyandarua vilifika nyumbani mikononi mwa watoto. Kupima kama vinatumika, swali la kawaida ni hili: usiku wa kuamkia leo, nani katika nyumba hii alilala ndani ya chandarua? Ni swali zuri kuliko "una chandarua?" kwa sababu linauliza tendo la usiku mmoja unaokumbukwa.

Lakini mwambaoni usiku haufanani. Usipa na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mkubwa taa haivuti samaki, mitumbwi hupumzika na wanaume hulala nyumbani. Mkaguzi akifika wakati wa mbalamwezi atakuta baba yuko kitandani, pengine ndani ya chandarua. Akifika siku za giza, baba yuko majini hadi alfajiri, vijana wako kambini, na mama ameamka saa tisa kwenda kupokea samaki ufukweni. Nyumba ni ile ile na chandarua ni kile kile, ila majibu ni mawili. Kwa hiyo tunashauri kwamba vijiji vya wavuvi viulizwe katika nyakati zote mbili, na swali la kambini liulizwe kambini.

Tena mkaguzi atembee. Mwaka 2008 watafiti walichapisha habari za vijiji vya wavuvi upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ambako vyandarua vya mbu vilikutwa vikitumika kukaushia dagaa na kuvulia samaki. Anayeuliza akiwa amekaa kwenye kiti barazani hataona kilichotandazwa mchangani. Akiona, asigombe, bali aulize. Mara nyingine kilichotandazwa ni chandarua chakavu ambacho kimemaliza kazi yake kitandani, na mara nyingine ni kipya. Habari hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Msimu nao ni vivyo hivyo. Wageni hupenda kuja Julai na Agosti kwa sababu njia ni kavu. Ndiyo miezi ya mavuno ya kahawa, ghala lina mahindi, na mtoto ana uzito. Mradi wowote huonekana mzuri Agosti. Waje Februari, mvua inanyesha, ghala limekwisha, vijito vimejaa na mama yuko shambani tangu alfajiri. Siku hizi lami inafika kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kwa hiyo udhuru umepungua, ingawa kutoka kwenye lami hadi kitongoji bado ni miguu na mtumbwi.

Iringa walifanyaje

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mwema. Mwaka 1983, kwa msaada wa Italia kupitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani, mkoa wa Iringa ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168. Wakati ule Ludewa, jirani zetu wa ziwa hili hili, walikuwa ndani ya mkoa wa Iringa. Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto walipimwa uzito hadharani, na matokeo yalijadiliwa na kijiji chenyewe kabla ya kupelekwa juu.

Mpango ule ulijengwa juu ya hatua tatu zinazozunguka: kupima hali, kuchambua sababu, kuchukua hatua, kisha kupima tena. Katika kuchambua, watu waligundua mambo ambayo hakuna dodoso lingeyaona. Chakula kilikuwapo katika nyumba nyingi, ila mtoto mdogo alikula mara mbili kwa siku kwa sababu mama alikuwa na kazi nyingi mno. Kwa hiyo suluhisho halikuwa semina nyingine juu ya makundi ya vyakula. Vijiji vikaanzisha mahali pa kulishia watoto mchana, na wengine wakarudia matumizi ya kimea kulainisha uji ili mtoto apate nguvu zaidi katika kikombe kile kile. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vile walishuka kutoka asilimia 56 hadi 38, na wale wenye hali mbaya sana kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi ni sehemu gani ya mafanikio hayo ilitokana na mpango wenyewe. Ubishi huo ni halali. Sisi tunachojifunza ni kwamba aliyepima na aliyetakiwa kubadilika walikuwa mtu mmoja, na kwamba mizani ilifuatiwa na mazungumzo. Katika sharika nyingi tunapima watoto kila mwezi, tunaandika kadi, na mama anarudi nyumbani bila mtu kumwambia kwamba mstari wa mtoto wake umelala. Huko ni kuwasumbua akina mama tu.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walifanya kazi ya kuokoa watoto wachanga. Watu wa kujitolea waliwatembelea wajawazito majumbani na kuwatembelea tena siku za mwanzo baada ya kujifungua. Kata 132 zilihusika. Nusu zilipata huduma hiyo kwa kupigiwa kura, ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Mambo mengine yalikuwa mazuri: akina mama zaidi walinyonyesha katika saa ya kwanza, na usafi wakati wa kuzalisha nyumbani uliongezeka. Lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kwa tofauti iliyoonekana kati ya kata zenye huduma na zisizo nayo.

Wengine wakisoma hivyo watasema kazi ilipotea. Sisi hatusemi hivyo. Tunasema watafiti wale walikuwa na ujasiri wa kuhesabu vifo wakati wangeweza kuhesabu matembezi. Kama wangeishia kwenye idadi ya nyumba zilizotembelewa, tungeamini hadi leo kwamba ushauri wa nyumbani peke yake unatosha. Sasa tunajua kwamba mtoto aliyeshindwa kupumua anahitaji mkunga mwenye ujuzi na kifaa cha kumsaidia kupumua, na ushauri wa nyumbani ni wa kumfikisha mama kwa mkunga huyo.

Watoto ambao hawakuandikwa

Tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo miradi yetu mingi ina giza.

Katika kijiji kimoja cha mwambao, taarifa ya miezi sita ilisema hakuna kifo cha mtoto mchanga. Kamati ilifurahi. Tulipokuwa tukizungumza na bibi mmoja ambaye zamani alikuwa mkunga wa jadi, mhudumu wetu, binti wa kijiji kile, alimwuliza kwa upole: "Shikamoo bibi. Tangu mvua zianze, ni watoto wangapi wamezaliwa huku?" Bibi akaitikia, akaanza kuhesabu kwa vidole akitaja majina ya akina mama. Alipofika kwa wengine watatu akanyamaza, kisha akasema, "Hao hawakukaa, mwanangu."

Watoto watatu. Mmoja alizaliwa njiani, mama akiwa kwenye mtumbwi. Wawili walizaliwa nyumbani, mmoja kabla ya wakati wake. Hakuna aliyedanganya katika taarifa ile. Zahanati iliandika waliozaliwa zahanati. Mhudumu aliandika aliowatembelea, na hawa walikuwa wamezikwa kabla hajafika. Katika jamii nyingi mtoto wa siku moja au mbili huzikwa na akina mama wachache, bila matanga makubwa, na mama huambiwa asilie sana. Kwa hiyo hakuna daftari, si la kanisa, si la kijiji, si la afya, lililojua kwamba walizaliwa. Mradi ulipata sifa ya kutokuwa na vifo kwa sababu vifo havikuwa na mahali pa kuandikwa.

Ndiyo maana tunazisihi kamati ziwe na daftari moja la kitongoji linaloanza na ujauzito, si na kuzaliwa. Kila mjamzito anayejulikana aandikwe, na kila jina lipate mwisho wake: amejifungua wapi, lini, mama yu hali gani, mtoto yu hali gani baada ya siku 7 na baada ya siku 28. Jina lisilo na mwisho lifuatwe hadi nyumbani. Hili lifanywe na mwanamke anayeaminika, kwa staha, na isionekane kama upelelezi. Mama aliyefiwa akiulizwa kana kwamba ana kosa, mwaka ujao ataficha mimba, na daftari litarudi kuwa safi.

Wachungaji na wainjilisti wana nafasi hapa. Wao huitwa kwenye msiba. Wakiitwa kwa mtoto wa siku tatu na wakaenda, wakaomba na kuandika jina, kijiji kitaelewa kwamba yule naye alikuwa mtu.

Njia ya watu kumi na tisa

Wengi hutuuliza: je, ili kujua hali ya kata nzima tupite kila nyumba? Hapana. Ipo njia iliyoanzia viwandani miaka ya 1920, ya kukagua bidhaa chache ili kuamua kama shehena nzima ikubaliwe. Tangu miaka ya 1980 imetumika katika afya, na inafaa sana kwa kamati isiyo na kompyuta.

Gawa eneo la mradi katika maeneo madogo ya usimamizi, tuseme kata tano. Katika kila kata chagua watu 19 wa kundi unalolipima, kwa mfano akina mama wenye watoto wa miezi 12 hadi 23. Wachaguliwe kwa kura. Kama una orodha ya majina, yaandike kwenye vikaratasi, yatie kikapuni, mtoto achomoe 19. Usiwachukue 19 waliokuja kanisani wala 19 wa karibu na barabara.

Waulize wote jambo lile lile, tena lenye jibu la ndiyo au hapana linaloweza kuthibitishwa: je, kadi ya mtoto inaonyesha chanjo zote za umri wake? Kisha hesabu ndiyo. Kama lengo lenu ni asilimia 80, kata yenye ndiyo 13 au zaidi kati ya 19 inahesabiwa kuwa imefikia lengo. Yenye 12 au chini inahesabiwa kuwa bado, nayo ipewe kipaumbele. Kwa lengo la asilimia 50 mpaka ni 7, na kwa asilimia 90 mpaka ni 15.

Mtu atauliza: 13 kati ya 19 ni kama asilimia 68, imekuwaje ihesabiwe 80? Ni kwa sababu sampuli ni ndogo, na kura inaweza kuangukia wabaya wachache zaidi. Mpaka umewekwa chini kidogo ili kata iliyofikia kweli asilimia 80 isihukumiwe isivyo haki. Hatari ya hilo kutokea ni chini ya moja katika kumi. Vivyo hivyo kata iliyo kwenye asilimia 50 ina nafasi chini ya moja katika kumi ya kupita. Zile za katikati, za asilimia 65 hivi, zinaweza kuangukia upande wowote. Kwa hiyo njia hii ni ya kuamua wapi tuanzie kazi, haifai kushindanisha kata wala kutoa zawadi. Mkiunganisha kata zote tano mna watu 95, na hapo mnaweza kukadiria asilimia ya eneo zima.

Uzuri wake ni kwamba inaonekana kwa macho. Katika mkutano wa kijiji weka punje 19 za mahindi juu ya mkeka, au kokoto za ufukweni. Sogeza upande huu zile za ndiyo. Hata asiyesoma ataona.

Nani ampime nani

Mhudumu asijipime mwenyewe, na msimamizi wake wa karibu asiwe peke yake, kwa kuwa lawama itamrudia. Tumeona inafaa wahudumu wa milimani washuke kuwapima wa mwambao, na wa mwambao wapande. Wanajua kazi, hawajui siri za majirani, na kila mmoja hurudi na jambo la kuiga. Nauli ya safari hiyo ni ndogo kuliko posho ya mshauri mmoja kwa siku mbili.

Ujuzi upimwe kwa vitendo. Mpe mhudumu utepe wa kupimia mkono, apime watoto watano, kisha msimamizi apime wale wale bila kuona majibu ya kwanza. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano. Kosa la nusu sentimita linaweza kumfanya mtoto mgonjwa aonekane mzima. Wakitofautiana, kwanza uangaliwe utepe wenyewe, maana mingine imenyooka kwa kuvutwa miaka mingi. Baada ya hapo ndipo mwalimu amrudie mwanafunzi.

Tena apimwe kwa kuzingatia mzigo alioubeba. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchini kote katika miaka mitano, wenye mafunzo na malipo. Ni habari njema. Lakini bado kuna watu wa kujitolea ambao kwa miaka mingi wamefuata kila kilichokuja na ufadhili, leo malaria, kesho lishe, keshokutwa UKIMWI, kila mradi na daftari lake. Tathmini inayomkuta mhudumu wa namna hiyo na madaftari sita yasiyojazwa, ikaandika "uwajibikaji hafifu", imepima vibaya. Ihesabu kwanza saa anazotumia kuandika na saa anazobaki nazo kwa wagonjwa. Sisi tuna maoni kwamba mradi mpya usiopunguza daftari hata moja la zamani unastahili kukataliwa mlangoni, hata ukija na fedha.

Matokeo yarudi kijijini ndani ya mwezi mmoja, kabla hayajaenda kwa mfadhili. Yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano halali wa kijiji, mganga wa zahanati akiwapo ili ajibu na asije akasikia mtaani. Tunajua wenzetu wengine huogopa kwamba taarifa mbaya itafunga fedha. Wakati mwingine hufunga kweli. Lakini mfadhili aliyezoea kupokea mazuri tu siku moja huja mwenyewe Februari.

Maswali ya kujadili katika kamati

Chukueni taarifa yenu ya robo iliyopita. Ni namba zipi zina "kati ya wangapi", na zipi hazina?

Ni kitongoji gani ambacho hakuna jina lake hata moja katika daftari la mahudhurio? Nani ataenda huko, na lini?

Katika eneo lenu, ni mwezi gani mkaguzi angekuta hali iliyo ngumu kuliko zote? Je, mmewahi kupima mwezi huo?

Kwa wajawazito mliowaandika tangu mwaka uanze, ni majina mangapi hayajapata mwisho?

Mhudumu wenu ana madaftari mangapi? Mwulizeni angependa kuacha lipi.